Etiketi Haisemi Nani Anadaiwa: Utumwa wa leo katika njia ya madini yetu



Jioni moja mwaka jana, baada ya maombi ya katikati ya juma, kijana mmoja aliyekuwa akiimba katika kwaya yetu alikuja nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma. Miaka miwili mbele ya hapo alituaga kanisani akisema anaenda kwenye machimbo ya koltani upande wa Masisi kutafuta mahari. Tulimwombea, tukampa mkono. Sasa alikuwa amekonda, na hakutaka kuketi karibu na dirisha. Nilidhani ametoroka vita, au ameiba. Akanijibu: “Hapana, Baba Mchungaji. Nina deni. PDG wangu ananitafuta.”

Kwa wale wasioishi karibu na machimbo: PDG ni mwenye shimo. Ndiye anayetoa pesa ya kuanza kuchimba, na ndiye anayegawa kinachopatikana. Kijana wetu alipofika hakuwa na kitu. Siku ya kwanza akapewa koleo, torshi, buti, unga na maharagwe. Vyote viliandikwa katika daftari ambalo hakuonyeshwa. Bei ya unga huko mlimani si bei ya soko la Sake wala Goma. Shimo halikufika kwenye madini kwa miezi mitano, na kila siku ya miezi hiyo alikula kwa deni. Akaugua, na dawa pia ikaandikwa. Alipofiwa na shangazi yake na kuomba ruhusa ya kwenda kuzika, aliambiwa alipe kwanza. Wenzake wawili waliojaribu kuondoka walirudishwa na watu wenye silaha.

Usiku ule sikupata usingizi, na si kwa sababu ya kijana tu. PDG yule namfahamu. Ni mkristo wa jumuiya yetu. Mabati ya kanisa letu, sehemu kubwa ni yeye aliyatoa.

Jina la jambo hili

Wengi wetu tukisikia neno utumwa tunafikiri minyororo ya zamani. Lakini sheria za dunia hazitazami mnyororo. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unasema kwamba kazi ya lazima ni ile mtu anayodaiwa chini ya tishio la adhabu, na ambayo hakujitolea kwa hiari yake. Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 16, inakataza utumwa na kazi ya lazima. Na hesabu ya Shirika la Kazi pamoja na wenzake, iliyotolewa 2022, ilikadiria watu milioni 50 duniani wanaoishi katika utumwa wa leo: milioni 27.6 katika kazi ya lazima, na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa.

Hapa kwetu mashariki jambo hili lina sura tatu tunazozijua vizuri.

Ya kwanza ni deni, kama la kijana wetu. Mtu hafungwi kamba. Anafungwa na daftari.

Ya pili ni salongo. Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na mitaa. Leo katika vijiji vingi ni kazi ambayo watu wenye bunduki wanawaamuru raia: kupanua barabara, kubeba mizigo, kuchimba siku moja ya juma kwa ajili ya kamanda. Asiyetaka analipa, na anayelipa anapewa jetoni ya kuonyesha kwenye kizuizi. Makundi yanabadilika majina, lakini jetoni inabaki.

Ya tatu ni watoto: wanaobeba magunia, wanaoosha mawe mtoni, wanaoshuka katika matundu ambayo mtu mzima hawezi kupita. Sheria yetu ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza jambo hilo, na sheria ya madini inamtaka mchimbaji awe mtu mzima mwenye kadi. Lakini sheria haipandi mlima peke yake.

Sisemi kila mchimbaji ni mtumwa. La. Maelfu wanachimba kwa hiari, wanalisha jamaa, wanasomesha watoto, wanatoa fungu la kumi. Wamama wa Kamituga wanaotwanga mawe ya dhahabu, wale wanaoitwa twangeze, wengi wao ni wajane wanaojitegemea. Kuwaita wote watumwa ni kuwatukana. Ndiyo sababu tunapaswa kutofautisha vizuri, tujue ni nani anayeweza kuondoka leo akitaka, na ni nani hawezi.

Njia ya jiwe

Tufuate jiwe moja la koltani. Linatoka shimoni, linafika kwa koperative, linanunuliwa na mnunuzi wa kati, linapelekwa kwa wauzaji wa nje, au linavushwa mpaka kwa siri. Kisha linaenda katika viwanda vya kuyeyusha, ambavyo duniani si vingi. Huko koltani inakuwa tantalum, na tantalum inawekwa katika vipuri vidogo vya telefone na kompyuta. Kiwandani mawe ya migodi mingi yanachanganyika, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema gramu hii ni ya Rubaya na ile ni ya mahali pengine.

Rubaya peke yake, katika Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalum ya dunia. Tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka ule kwamba kundi hilo lilikuwa linakusanya karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kodi za koltani ya huko. Na kabla ya hao walikuwako wengine waliokusanya. Agosti 2025 Marekani iliiwekea vikwazo koperative moja ya Rubaya, kundi la PARECO-FF, na kampuni mbili za Hong Kong zilizoshitakiwa kununua madini hayo. PARECO-FF lilishika machimbo hayo kabla ya M23, na ni adui wa M23. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba dhambi hii ina upande mmoja tu.

Sheria za mbali zinauliza nini

Nchi zinazonunua zimetunga sheria nyingi. Marekani ilianza 2010, kwa kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank: kampuni zieleze kama bati, tantalum, wolfram na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani, na kama zinalisha makundi yenye silaha. Uingereza ilipitisha sheria ya utumwa wa leo mwaka 2015: kampuni kubwa, zenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi, zitoe tangazo kila mwaka kuhusu hatua walizochukua kuzuia utumwa katika kazi zao na kwa wale wanaowauzia. Ufaransa ilifuata 2017, Australia 2018, Ujerumani 2023, Kanada 2024. Umoja wa Ulaya unawataka waingizaji wa madini hayo manne wachunguze asili yake tangu Januari 2021, na kuanzia Desemba 2027 utakataza bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya lazima.

Tushukuru. Lakini tusome pia maandishi madogo. Sheria ya Marekani inauliza kuhusu bunduki, haiulizi kuhusu deni. Sheria ya Uingereza inaruhusu kampuni kutangaza kwamba haikuchukua hatua yoyote, na hapo imetimiza sheria. Sheria kubwa ya Ulaya ya 2024 juu ya wajibu wa kampuni ilisogezwa mbele 2025, kabla haijaanza kutumika, na kazi ya kuipunguza ikaanza. Na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya Washington ilikataa mashitaka ya jamaa za watoto waliokufa au kulemaa katika machimbo ya kobalti upande wa Lualaba, dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Waamuzi walisema kwamba kununua kobalti kwa njia ndefu ya biashara hakutoshi kumfanya mnunuzi awe mshirika wa wale waliowatumikisha watoto.

Hapa mchungaji hawezi kunyamaza. Mahakama inaweza kusema hivyo kwa kufuata maneno ya sheria yake. Lakini katika Ufunuo 18 Yohana anaorodhesha mizigo ya wafanya biashara wa Babeli: anaanza na dhahabu na fedha, anapita kwenye vitambaa, manukato, unga na ng’ombe, na mwisho kabisa, kama mzigo mmoja kati ya mingine, anataja miili na roho za watu. Orodha ni moja. Mbinguni aliyenunua dhahabu na aliyeuza mtu wameandikwa katika karatasi moja.

Huku kwetu chombo kinachojulikana zaidi ni etiketi. Mtumishi wa serikali anaifunga kwenye gunia machimboni, na nyingine inafungwa kwa mnunuzi, ili gunia lijulikane limetoka wapi. Wazo ni jema. Lakini mwaka 2022 shirika la Global Witness lilieleza kwamba magunia kutoka machimbo yasiyoruhusiwa yalikuwa yanapata etiketi. Wasimamizi wa mpango huo walikana. Mimi sitaamua kesi hiyo. Nasema neno moja tu: hata etiketi ya kweli kabisa inasema jiwe limetoka mlima gani. Haisemi kama aliyelichimba alilipwa, wala kama angeweza kuondoka.

Na mchunguzi anayekuja kwa siku moja anaona nini? Haoni askari, kwa sababu siku ile wamejitenga. Haoni watoto, kwa sababu wameambiwa wabaki nyumbani. Anaona vijana wanaofanya kazi wakiimba. Daftari la deni liko katika kibanda cha PDG, na mchunguzi hakuliomba.

Deni linateremka kutoka juu

Siku chache baadaye, baada ya kijana kunikubalia, nilizungumza na wazee wa kanisa, tukamwita yule PDG. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Farao. Alikuja na daftari mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya vijana wake. Ya pili ilikuwa ya deni lake mwenyewe. Yeye pia alikuwa amepewa pesa mbele, na mnunuzi, kwa sharti kwamba madini yote atamwuzia yeye tu, na kwa bei atakayopanga yeye. Na mnunuzi yule, akasema, naye amepewa pesa na wauzaji wa nje kwa masharti hayohayo. Bei ikishuka katika soko la dunia, muuzaji wa nje anambana mnunuzi, mnunuzi anambana PDG, na PDG anambana yule ambaye hana wa kumbana.

Hili ndilo nataka ndugu zangu walielewe, na pia wale wa kampuni kama neno hili litawafikia. Jiwe linapanda kutoka shimoni hadi kiwandani. Pesa inateremka kwa njia ileile kama mkopo, na pamoja nayo linateremka deni. Kampuni ikisema inachunguza njia ya mawe bila kuchunguza njia ya mikopo, imetazama nusu ya barabara.

Watu wetu walikwisha kuona jambo hili

Hili si jambo jipya kwa Kongo. Lugha hii tunayoombea ilifika kwetu pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, kupitia Nyangwe na Kasongo, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Pembe zile zilipita Zanzibar, na nyingi zikawa funguo za piano huko Marekani na Ulaya. Aliyepiga piano hakumwona aliyebeba pembe.

Leopold wa Pili alijitangaza kuwa adui wa biashara ile ya watumwa, kisha akaleta ya kwake kwa ajili ya mpira. Aliyeigundua kwa hesabu alikuwa karani wa kampuni ya meli, Edmund Morel. Pale Antwerp aliona meli zinafika zimejaa mpira na pembe, na zinarudi Kongo na bunduki na risasi, karibu bila bidhaa za kuwalipa watu. Akajiuliza: kama hawalipwi, wanafanyaje kazi? Hakuwa amefika Kongo. Alisoma makaratasi ya mizigo tu, lakini aliyasoma kwa dhamiri.

Na waliompa ushahidi wa macho walikuwa hasa wamisionari Waprotestanti. Mwaka 1904, kule Baringa, Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, akitazama mkono na mguu wa binti yake, ambavyo ndivyo tu vilivyobaki. William Sheppard, Mpresbiteri Mweusi kutoka Marekani, aliandika juu ya mateso ya Kasai. Mwaka 1909 alishitakiwa na kampuni ya mpira, akaachiliwa. Basi wakristo wa Kiprotestanti katika nchi hii tuna urithi: tulikuwa macho ya dunia. Mwaka 1908 Leopold alinyang’anywa Kongo, lakini kazi ya lazima iliendelea chini ya Ubelgiji kwa majina mengine. Somo ni hili: kubadilisha jina la mwenye nchi, au kutia mkataba mpya, hakumfungui mtu kwenyewe. Tulikumbuke leo, wakati mapatano ya Washington ya 2025 yanazungumzia amani na biashara ya madini kwa pumzi moja.

Tuombe nini, tufanye nini

Kwa kampuni za mbali, neno la kwanza ni: msikimbie. Tunakumbuka Septemba 2010, serikali ilipofunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wanunuzi wengi wakaondoka nyuma yake. Soko likakauka. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wenye bunduki hawakuondoka. Desemba 2024, serikali yetu ilipopeleka mashitaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple, kampuni hiyo ilikana makosa, ikasema imekwisha kuwaagiza wauzaji wake waache madini ya Kongo na Rwanda. Naelewa hesabu yao. Lakini anayeondoka hajamfungua mtu yeyote. Ametakasa mikono yake tu.

Neno la pili: ombeni daftari. Nani anauza chakula machimboni, na kwa bei gani? Mwenye deni anaweza kuondoka akalipa kidogo kidogo akiwa kwao? Mkitoa pesa mbele, andikeni katika mapatano kwamba sharti hilo linashuka hadi shimoni: hakuna mtu atakayezuiliwa kwa deni. Na tengenezeni njia ya kulalamika kwa lugha za hapa, isiyomfanya mlalamikaji auawe.

Kwa serikali, na kwa kila anayeshika mamlaka mahali petu: maeneo ya uchimbaji wa mikono yaongezwe na yatambuliwe, kadi ya mchimbaji ipatikane kwa bei ambayo mtu masikini anaiweza, na koperative ziwe za wachimbaji kweli, si za mkubwa mmoja mwenye mihuri.

Na kwa sisi makanisa? Hapo ndipo panapouma. Nehemia sura ya 5 inasimulia jambo letu hasa. Watu wanajenga ukuta wa Mungu, na huku wamama na wababa wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, na kwamba watoto wao wanachukuliwa kuwa watumwa. Wadai hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu, wakubwa wa mkutaniko. Nehemia hakusema tumalize ukuta kwanza. Aliita mkutano, akawakemea mbele ya watu, akajihesabu na yeye kati ya wakopeshaji, na akadai warudishe siku ileile.

Mimi naona mambo matatu tunayoweza kuyafanya bila kungoja mzungu wala waziri. Vikundi vya AVEC vya wamama na vijana viwe na fungu la kumkopesha kijana anayeenda machimboni bei ya koleo na unga wa mwezi wa kwanza, ili asianze na deni la mtu mwingine. Masomo ya kusoma na kuhesabu yafundishe mtu kuweka daftari lake mwenyewe, na kudai kuona la bosi. Na tuwe tayari kuuliza sadaka inatoka wapi, kwa upole, hata kama ni mabati.

Lakini tuwe na hekima. Msitaje majina ya watu hadharani, msipige picha machimboni, msipeleke kijana kutoa ushuhuda mahali ambapo kesho atakutana na aliowataja. Ushahidi unaomwua shahidi si wa Kristo.

Mambo yalivyokwenda

Mtaniuliza ilikuwaje kwa kijana wetu. Mbele ya wazee tulihesabu upya, kwa bei ya soko la mjini. Zaidi ya nusu ya deni ilitoweka. Yaliyobaki PDG alikubali yalipwe kwa miezi minane, kijana akiwa nyumbani, na ameyalipa. Aliahidi pia kwamba wengine wataonyeshwa daftari zao. Baadhi wameonyeshwa. Wengine, nasikia, bado.

Mzee mmoja alikasirika sana. Alisema nimemwaibisha mtu aliyejenga kanisa. PDG mwenyewe hakuja ibadani kwa majuma sita. Kisha siku moja alirudi, akaketi nyuma. Kijana alikuwa mbele, kwenye kwaya. Sikuwaona wakisalimiana.

Mvua inaponyesha juu ya mabati yale, sauti inakuwa kubwa hata mahubiri hayasikiki. Zamani nilikuwa nikingoja itulie. Siku hizi, wakati wa kungoja, ninawatazama vijana mmoja mmoja na kujiuliza ni nani kati yao anadaiwa, na ni nani kati yetu anayemdai. Nawasihi, wachungaji wenzangu na wazee wa makanisa, ulizeni swali hilo katika baraza lenu la mwezi ujao. Msilifanye hubiri. Kila mmoja wa baraza aje na daftari yake.

Bwana awabariki, na awalinde wote walioko shimoni usiku huu.